Namba Niliyoiita Tasa



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwasimulia wenzangu walimu jambo lililonipata darasani miaka mingi iliyopita, kabla simu za mkononi hazijafika katika kijiji nilichokuwa nikifundisha. Ni habari ya namba moja kubwa, na ya kosa langu juu ya namba hiyo. Najua wako wasomaji ambao wakiona tarakimu nyingi hufunua ukurasa upesi kutafuta habari nyingine. Nawasihi wasifanye hivyo safari hii, kwa maana hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu, tena jambo lililonipata laweza kumpata mwalimu ye yote, hata yule asiyefundisha hesabu kabisa.

Namba yenyewe ni hii: 4,294,967,297. Kwa maneno twasema bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba.

Nitaanza na bao, kwa sababu ndiko nilikoanzia mimi mwenyewe. Bao letu la Kiswahili, kama tujuavyo, lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Jumla yake mashimo 32. Karibu na shule yetu wazee walikuwa wakicheza chini ya mwembe, nami siku moja nikaenda kuwaamkia na kuwaomba waniazime bao lao kwa saa moja. Wakanipa huku wakicheka, wakidhani mwalimu amechoka na kazi yake. Nikaliingiza darasani pamoja na kibaba cha mtama, nikawaambia watoto: "Tutatia punje 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, 8 katika la nne, na kuendelea hivyo, kila shimo lipate mara mbili ya lile lililotangulia. Je, kibaba hiki kitatosha bao zima?" Wengi wakajibu kwamba kitatosha na kusaza.

Wakaanza kuhesabu kwa furaha. Shimo la mwisho la safu ya kwanza likapokea punje 128. Tulipofika shimo la kumi, lililotaka punje 512, vidole vyao vilikuwa vimechoka, na saa ya somo ilikuwa karibu kwisha. Basi tukaacha mtama tukashika chaki. Shimo la 16 likataka punje 32,768. La 24 likataka 8,388,608. Na la mwisho, la 32, likataka 2,147,483,648. Jumla ya bao zima ikawa punje 4,294,967,295. Tukikadiria punje 40 za mchele kuwa na uzito wa gramu 1, bao hilo lingetaka magunia 1,073 ya kilo mia mia, na nyingine zingesalia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba izidishwayo mara mbili kwa kila hatua hujaza ghala, na wenye ghala wakaomba msaada kwa majirani.

Hadithi ya namna hii wengi wenu mmeisikia kwa ubao wa sataranji wenye vyumba 64, na yule mwenye hekima aliyemwomba mfalme ngano. Ibn Khallikan aliiandika katika karne ya 13. Mimi nalishika nusu tu ya vyumba hivyo, na nusu hiyo ilitosha kuniangusha.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Nalitaka kuwaonyesha watoto ajabu nyingine iliyomo ndani ya bao. Nikawaambia wachukue jumla ya punje za shimo 1, kisha za mashimo 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, yaani kila mara wazidishe mashimo mara mbili, na kila jumla waiongeze 2. Jumla zilikuwa 1, 3, 15, 255 na 65,535. Kila moja ilipoongezwa 2, zikapatikana namba hizi: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Nikawauliza: "Namba hizi zafanana kwa nini?" Kitambo kikapita, ndipo msichana mmoja akasema, "Mwalimu, zote ni tasa."

Alisema kweli. Namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki kwa namba nyingine yo yote pasipo baki, ila kwa 1 na kwa namba hiyo yenyewe. 15 si tasa, maana ni 3 mara 5. Lakini 17 ni tasa, kwa kuwa hakuna namba mbili ndogo zinazoizaa. Juu ya 65,537 hatukuamini kwa macho tu. Tulijaribu. Ikiwa namba hiyo ina kigawo, basi kigawo kimoja hakina budi kuwa si zaidi ya 256, kwa sababu vigawo viwili vikizidi 256 vyote, zao lao litapita 65,537. Namba tasa zisizozidi 256 ni 54. Nikawagawia watoto, huyu moja, huyu mbili, na kila mmoja akarudi na baki mkononi. Basi 65,537 ikathibitika kuwa tasa, na darasa zima likapiga makofi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikaandika ubaoni jumla ya bao zima, nikaiongeza 2, nikapata 4,294,967,297. Nikageuka nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye, "Na hii pia ni tasa. Na nyingine zote zifuatazo katika mfuatano huu ni tasa, hata mwisho wa hesabu."

Nalikuwa nimeyapata wapi maneno hayo? Katika daftari langu la chuoni. Humo nalikuwa nimeandika kwamba Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, alisema kwamba namba zote za mfuatano huu ni tasa. Sentensi hiyo naliinakili vizuri kwa wino. Sentensi iliyofuata sikuinakili, labda kwa kuwa kengele ya chakula ililia. Nami kwa miaka mingi nalibeba nusu ya somo nikidhani ni somo zima.

Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Jina lake silitaji, kwa maana yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Hii tumeijaribu kwa namba zipi?"

Swali lilikuwa jema, nalo lilitoka katika mafundisho yangu mwenyewe ya dakika kumi zilizotangulia. Lakini sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu mara nyingi hutafuta fimbo. Sikumpiga, nalimpiga kwa maneno. Nikamwambia, "Walioijaribu ni watu wenye akili kukupita wewe na mimi. Keti." Darasa likacheka. Naye akaketi.

Baada ya siku ile kijana hakuinua mkono tena, si katika hesabu wala katika masomo mengine. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Nami, Mungu anisamehe, nalijisifu moyoni kwamba nimemtia adabu.

Hata Jumatatu moja, nilipokuwa nikisahihisha madaftari jioni kwa taa ya mafuta, nikakuta katikati ya daftari lake karatasi nyingi zilizokunjwa. Zilikuwa karatasi kuukuu za aina mbalimbali, zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, naye ametumia ule upande mweupe. Katika ya kwanza alikuwa ameandika namba tasa zote kwa mpango, kwa njia niliyowafundisha ya kuandika namba zote na kufuta zile zigawanyikazo. Aliiacha 2, kwa kuwa namba yetu ni witiri. Kisha akaanza kugawanya. Kwa 3, baki 2. Kwa 5, baki 2. Kwa 7, baki 5. Kwa 11, baki 5. Kwa 13, baki 10. Kwa 17, baki 2. Akaendelea hivyo, karatasi baada ya karatasi, kila hesabu imeandikwa kwa urefu wake, pasipo kuruka hatua hata moja. Nikafika 631: jibu 6,806,604, baki 173. Na chini yake ikafuata 641: jibu 6,700,417, baki 0. Hiyo 0 aliipigia mistari miwili.

Nikazihesabu hesabu zake. Zilikuwa 115. Mara 114 alipata baki, na mara ya 115 hapakuwa na baki. Chini kabisa hakuandika neno lo lote la kunisuta. Aliandika tu: "Mwalimu, tafadhali nisahihishie, labda nimekosea."

Nikachukua kalamu nikazidisha. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni yenyewe. Nikajumlisha: 4,294,967,297. Nakiri mbele yenu, wasomaji wapenzi, kwamba mara ya kwanza nalizidisha ili kusahihisha kazi ya mwanafunzi. Lakini mara ya pili na ya tatu nalizidisha nikitumaini kwamba amekosea. Hakukosea. Nilikosa mimi.

Usiku ule sikulala upesi. Nikaona njia tatu mbele yangu. Njia ya kwanza ilikuwa kumtilia alama ya vema, kumrudishia karatasi zake, na kunyamaza. Darasa lisingejua neno. Ya pili ilikuwa kuwaambia watoto kwamba nalisema vile makusudi, kuwajaribu nione nani ataigundua kweli. Njia hiyo ilinivutia sana, maana ingeniachia heshima yangu na tena ingenipa sifa ya werevu. Walakini ilikuwa uongo mtupu. Ya tatu mwaijua. Kila Jumapili kanisani twaungama kwa maneno ya jumla, sote pamoja, wala hakuna aonaye haya. Ni vigumu zaidi kuungama siku ya Jumanne asubuhi, peke yako, mbele ya watoto, kwa kosa lenye tarakimu kumi lililoandikwa ubaoni kwa mkono wako.

Jumanne asubuhi nikaandika ubaoni: 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297. Nikawaambia, "Watoto, nalisema namba hii ni tasa. Si tasa. Sikuijaribu, nalisema tu. Aliyeijaribu ni mwenzenu huyu, mara 115. Siku ile nalimwambia aketi, nilipopaswa kumwambia asimame aje ubaoni. Nimemkosea, na mbele yenu namwomba radhi." Kisha nikampa chaki.

Nalidhani kicheko kitatokea. Hapakuwa na kicheko. Palikuwa na kimya, kimya kirefu, na kijana akawa anaitazama chaki kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Hatimaye akaenda ubaoni, akawaonyesha wenzake jinsi alivyofanya. Alipomaliza, mikono ilikuwa juu kila mahali. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na hiyo 6,700,417, je, yenyewe ni tasa?"

Nikamjibu, "Sijui." Nalikuwa nimefundisha miaka saba, na neno hilo nalikuwa sijalitamka darasani hata mara moja. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nami nilipoacha kuficha, darasa langu likaanza kuzaa.

Maana tuliijaribu pamoja. Kama 6,700,417 ina kigawo, basi kimoja hakizidi 2,588, kwa sababu 2,589 ikizidishwa kwa yenyewe yapita namba hiyo. Tena kigawo chake kingekuwa pia kigawo cha ile namba kubwa, na kijana wetu alikwisha kuonyesha kwamba namba kubwa haina kigawo chini ya 641. Kwa hiyo kazi yake peke yake ilitupunguzia karibu theluthi ya kazi. Namba tasa zilizosalia, kuanzia 641, zilikuwa zaidi ya 250. Watoto wakazigawana, wakagawanya kwa muda wa siku kadhaa, wengine darasani, wengine nyumbani baada ya kuchota maji na kuchunga mbuzi. Kila mmoja aliyeleta hesabu yake, mwenzake aliikagua. Zote zilitoa baki. Basi 6,700,417 ni tasa, na safari hii tulikuwa na haki ya kusema hivyo.

Wakati wa likizo nikaenda mjini, nikatafuta katika vitabu ile sentensi ambayo sikuinakili. Nikajua habari yote, nami nawapa kwa ufupi.

Pierre de Fermat hakuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanasheria, mshauri katika baraza la hukumu la mji wa Toulouse, na hesabu ilikuwa burudani yake. Mwaka wa 1640 aliwaandikia wenzake habari za mfuatano huu, akasema kwamba aamini namba zake zote ni tasa, lakini akakiri kwamba hana uthibitisho kamili. Tazameni, wenzangu: Fermat mwenyewe aliweka akiba ya maneno. Mimi nilichukua neno lake nikaiacha akiba yake. Mwezi wa Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, akimwuliza kama amesikia neno hilo la Fermat. Euler alikuwa mwana wa mchungaji wa Uswisi, naye wakati huo alifanya kazi katika mji wa St. Petersburg, huko Urusi. Mwaka wa 1732, akiwa kijana wa miaka 25, akatangaza kwamba namba ya sita ya mfuatano, yaani hii yetu, yagawanyika kwa 641. Miaka 92 ilikuwa imepita tangu Fermat aandike.

Euler hakugawanya mara 115. Baadaye alieleza kwamba namba tasa yo yote iwezayo kuigawanya namba hii haina budi kubakiza 1 ikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, 641. Basi ya tano ndiyo yenyewe. Nilipomweleza kijana wetu jambo hilo alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ningeweza kupumzika mara 110." Lakini hakusikitika, wala mimi sikumsikitikia. Anayejua njia ya mkato hufika upesi. Anayepita njia ndefu kwa miguu yake huijua nchi.

Kwa wale wapendao kuona kweli bila kugawanya sana, iko njia nyingine fupi. 641 yaweza kuandikwa kwa namna mbili: ni 5 mara 128 na kuongeza 1, tena ni 625 na kuongeza 16. Sasa, 5 mara 128 ni 640, yaani imepungukiwa na 641 kwa 1. Kitu kilichopungukiwa kwa 1, kikizidishwa kwa chenyewe mara mbili, upungufu hugeuka kuwa baki ya 1. Kikitiwa mara nne ni vivyo hivyo. Basi 640 × 640 × 640 × 640, ikigawanywa kwa 641, hubakiza 1. Lakini zao hilo ndilo 625 mara 268,435,456, maana 5 mara nne ni 625, na 128 mara nne ni 268,435,456. Na 625 nayo imepungukiwa na 641 kwa 16. Kwa hiyo twaweza kuweka upungufu wa 16 mahali pa 625, na 16 mara 268,435,456 ni 4,294,967,296. Maana yake ni kwamba upungufu wa 4,294,967,296 ni sawa na baki ya 1. Yaani 4,294,967,296 imebakiza 1 tu ili igawanyike kwa 641. Iongezeni hiyo 1, mtaipata namba yetu, nayo imegawanyika. Chukueni karatasi mjaribu wenyewe. Msiniamini mimi, kwa maana mwajua sasa niliyoyafanya.

Tena liko jambo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka wa 1796 kijana Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, akiwa bado hajafikia miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Yeye pamoja na Pierre Wantzel, aliyekamilisha uthibitisho mwaka wa 1837, walionyesha kwamba maumbo ya pande witiri yachorekayo hivyo ni yale ambayo idadi ya pande zake hupatikana kwa kuzidisha namba tasa za mfuatano wetu, kila moja mara moja tu. Sasa zidisheni zile tano zijulikanazo: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Mtapata 4,294,967,295. Ni punje zile zile za bao zima! Wazee chini ya mwembe walikuwa wamekalia, pasipo kujua, idadi ya pande za umbo kubwa kuliko yote ya pande witiri ambayo wanadamu wajua kwamba yaweza kuchorwa kwa rula na bikari.

Na baada ya hizo tano? Hata leo hakuna aliyepata namba nyingine tasa katika mfuatano huu. Kuanzia bao la mashimo 32, mkiendelea kuzidisha mashimo mara mbili hata mfikie bao la mashimo 4,294,967,296, kila namba imethibitishwa kuwa si tasa. Ya kwanza ambayo hali yake haijajulikana ni ile ya bao la mashimo 8,589,934,592. Hivyo Fermat aliona tano za kwanza, akadhani ameiona njia yote. Na tangu hizo tano njia imekuwa kinyume cha alivyodhani.

Siku hizi namba hii si ngeni kama zamani. Mashine za kuhesabu hufanya kazi kwa mbili mbili, kama bao letu. Anwani za intaneti za mpango wake wa kale ni 4,294,967,296, pungufu ya namba yetu kwa 1, na hazitoshi kumpa kila mtu anwani yake, maana watu duniani wamepita bilioni nane. Na mtoto mwenye simu aweza kugawanya kwa 641 kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini simu haitamfundisha kuuliza, "Hii tumeijaribu kwa namba zipi?" Swali hilo lazima alisikie likiheshimiwa na mtu.

Basi, wenzangu walimu, nawashauri mambo machache kwa upole, kama mtu aliyejikwaa awaonyeshaye wengine kisiki. Mnaponakili maneno ya wakubwa, nakilini pia mashaka yao. Mnapowaambia watoto neno msilolijaribu, waambieni kwamba hamjalijaribu. Na mkikosea ubaoni, sahihisheni ubao ule ule, mbele ya macho yale yale, wala si pembeni. Heshima yangu nalidhani ingevunjika siku ile. Haikuvunjika; ilibadilika tu. Zamani watoto walikuwa wakiogopa kuniuliza. Baadaye wakawa wakiogopa kuniletea hesabu wasiyoikagua.

Kijana yule hakuwa profesa. Ni fundi seremala, tena fundi hodari, apimaye ubao mara mbili kabla ya kukata mara moja. Karatasi zake aliniachia, nami ninazo hata leo, zimefungwa kwa uzi, panya wamekula pembe moja tu. Tukikutana njiani huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia, "Marahaba." Kisha kila mara huniuliza, "Baki ngapi?"

Nami humjibu, "Hakuna baki, mwanangu."

Wasalaam. Ni mimi mwalimu mwenzenu.